Vigawo vya Namba Kubwa

Chukua punje kumi na mbili za maharage, uzipange mezani. Waweza kuzipanga katika safu mbili za punje sita sita, au safu tatu za punje nne nne. Kwa hiyo 2, 3, 4 na 6 ni vigawo vya 12. Sasa ongeza punje moja. Utaona kuwa punje kumi na tatu hazikubali kupangwa sawasawa, ila katika safu moja tu. Namba kama 13, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, huitwa namba tasa.

Namba kubwa nazo zina vigawo, ingawa hazipangiki mezani. Tutazame namba moja ambayo watu wa Bukiriro, katika wilaya ya Ngara, wamo ndani yake pamoja na Watanzania wote. Namba hiyo ni 61,741,120. Ni idadi ya watu iliyopatikana katika sensa ya mwaka 2022.

Tarakimu ya mwisho ni 0. Basi namba hii ni shufwa, nayo hugawanyika kwa 2, kwa 5 na kwa 10. Jumlisha tarakimu zake zote, utapata 22. Kwa kuwa 22 haigawanyiki kwa 3, namba yote haigawanyiki kwa 3. Tukiigawanya kwa namba tasa mpaka mwisho, twapata:

61,741,120 = 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 5 × 7 × 43 × 641

Hata 641 ni tasa. Ukitaka kuhakikisha, jaribu kuigawanya kwa namba tasa mpaka 23 tu, kwa maana 29 × 29 ni 841, nayo imezidi.

Makarani wa sensa walimhesabu kila mtu mahali alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Mtoto wa Bukiriro aliyelala kwa shangazi yake Biharamulo alihesabiwa huko, na jumla ya nchi haikubadilika. Lakini tuseme mtoto huyo angesahauliwa kabisa. Jumla ingekuwa 61,741,119. Namba hii ni witiri. Jumla ya tarakimu zake ni 30, kwa hiyo hugawanyika kwa 3. Vigawo 2, 5, 7, 43 na 641 vyote vimetoweka! Sababu yake ni rahisi: vigawe vya 7 hupishana kwa saba, na vya 43 kwa arobaini na tatu. Namba mbili zinazofuatana haziwezi kuwa na kigawo cha shirika, isipokuwa 1. Mtoto mmoja tu amebadili vigawo vya namba ya mamilioni.

Sensa ya mwaka 2012 ilipata watu 44,928,923. Je, namba hii hugawanyika kwa 3? Bila kutoa, sema kama tofauti yake na ile ya mwaka 2022 ni shufwa au witiri. Kisha toa, uone.