Je, Wajua? Kobe wa Itigi Naye ni Nyara ya Serikali

Itigi, mkoani Singida, imezungukwa na vichaka vizito, na ukishika barabara ya kusini unaingia ukanda wa mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi. Kobe, kinyonga, kenge na chatu ni majirani wa kila siku. Lakini sheria inasemaje juu yao?

Je, wajua kwamba kobe anayevuka njia si wa aliyemwona kwanza? Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inasema wanyamapori wote nchini ni mali ya umma, chini ya dhamana ya Rais. Awe porini, shambani kwako au nyuma ya choo chako, mwenyewe ni yuleyule.

Je, wajua kwamba kuwinda hakuhitaji bunduki wala mkuki? Kisheria, kukamata nako ni kuwinda. Anayemwinua kinyonga kwa kijiti na kumtia kwenye ndoo bila kibali amewinda, hata kama hajamwaga tone la damu.

Je, wajua kwamba "nyara za serikali" si pembe za ndovu peke yake? Ni mnyama mzima, hai au mfu, pamoja na ngozi, nyama, mfupa, jino, ukucha na hata yai lake. Gamba la kobe lililogeuzwa bakuli na ngozi ya chatu iliyotundikwa kilingeni kwa mganga vimo humohumo.

Je, wajua kwamba ukikamatwa na nyara, kazi ya kuonyesha kibali ni yako? "Nimeiokota tu" na "nimeachiwa na rafiki" hazisimami badala ya karatasi.

Je, wajua kwamba kesi ya nyara huhesabiwa kuwa ya uhujumu uchumi? Ofisa wanyamapori huandaa hati ya thamani ya nyara, na adhabu hufuata thamani hiyo. Kifungo kinaweza kuwa kati ya miaka 20 na 30.

Je, wajua kwamba sheria haikukatazi kujiokoa? Chatu akimvamia mtoto au mamba akimdaka mtu mtoni, kumuua ili kuokoa maisha si kosa. Ila tukio hutolewa taarifa, na mzoga na ngozi hubaki mali ya serikali. Usichune.

Je, wajua kwamba Tanzania iliridhia mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, mwaka 1979? Kobe wa nchi kavu, chatu na kenge wamo kwenye orodha zake. Vinyonga wadogo wa msituni, wanaofanana na jani kavu, waliongezwa mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg.

Je, wajua kwamba yupo kobe bapa kama chapati? Gamba lake ni laini na jembamba. Adui akitokea, hajifungi ndani yake kama kobe wengine. Hukimbilia ufa wa jabali na kujikaza humo. Anapatikana Tanzania, Kenya na sehemu ya Zambia. Kwa kawaida jike hutaga yai moja tu kwa mara moja, kwa hiyo pengo la kobe mmoja aliyechukuliwa huchelewa sana kuzibika. Agosti 2019, mkutano wa CITES uliofanyika Geneva ulimpandisha kwenye orodha ya kwanza, ambayo hairuhusu biashara ya kimataifa ya wanyama waliotolewa porini.

Je, wajua kwamba mjusi mdogo wa msitu wa Kimboza, Morogoro, aliingia orodha hiyohiyo mwaka 2016? Dume ana rangi ya buluu iliyokoza, na rangi hiyo ndiyo iliyomponza. Wafugaji wa Ulaya walimtaka, na wakusanyaji wakawa wanakata miti jamii ya mikadi anamoishi ili wamfikie. Wakamwiba mjusi na nyumba yake.

Je, wajua kwamba mamba wa Tanzania wana kiwango chao maalumu? CITES inaruhusu nchi kuuza nje mamba wa porini wasiozidi 1,600 kwa mwaka, wakiwemo wanaowindwa na watalii. Wanaofugwa mashambani hawamo kwenye hesabu hiyo.

Je, wajua kwamba zamani kulikuwa na leseni za kusafirisha wanyama hai, wakiwemo kobe na vinyonga? Serikali ilisimamisha biashara hiyo Machi 2016. Juni 2022 ilitangazwa kwamba wafanyabiashara wangepewa miezi sita kumaliza wanyama waliobaki mikononi mwao. Wananchi wakapiga kelele, na tangazo likasitishwa ndani ya siku chache.

Je, wajua kwamba hata kobe wakubwa wa Changuu, Zanzibar, waliwahi kuibwa mpaka wakakaribia kuisha? Wanne wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, wakazaana hadi kufika takribani 200. Kufikia mwaka 1996 walibaki saba.

Je, wajua kwamba kuvuka mpaka hakufuti kosa? Sheria ya Marekani iitwayo Lacey, ya tangu mwaka 1900, inamwezesha mwendesha mashtaka wa huko kumfikisha mahakamani mtu aliyeingiza mnyama aliyekamatwa kinyume cha sheria za nchi alikotoka.

Je, wajua la kufanya mgeni akipita kijijini akitangaza kwamba ananunua kobe? Toa taarifa kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri, kituo cha polisi au TAWA, mamlaka inayosimamia mapori ya akiba.

Na je, wajua kesi huanza na nani? Kosa ni *kukutwa* na nyara. Mnunuzi aliyeko ng'ambo hashiki gunia la kobe. Anayekutwa nalo ni kijana wa bodaboda aliyepewa nauli alifikishe stendi ya Itigi.