Kompyuta Hujuaje Kisanduku cha Wajawazito?



Katika bajeti za miradi ya afya huonekana kifungu cha "majaribio ya programu", na wapo wanaouliza kama fedha hizo zisingenunua vyandarua. Swali hilo ni la haki.

Takwimu za vituo vya afya, kuanzia huku Kaniha hadi hospitali ya Murgwanza kule Ngara, huandikwa katika vitabu vya MTUHA, kisha huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Fomu za namna hii zina visanduku vingi vinavyofanana, na kila zikirekebishwa hazina budi kujaribiwa upya. Kazi hiyo inaweza kupewa programu kama Selenium, iliyoanza mwaka 2004, ambayo hufungua fomu, hujaza na kubofya kama karani.

Ila karani ana macho. Programu huelekezwa kwa maandishi, na lugha moja ya kuielekeza ni XPath, iliyopitishwa mwaka 1999. Mtu mvivu huelekeza kwa kuhesabu:

//table/tbody/tr[3]/td[2]/input

Yaani mstari wa tatu, chumba cha pili. (Hesabu huanzia moja, tunashukuru, si sifuri kama katika lugha nyingi za kompyuta.) Fomu ikiongezewa mstari mmoja juu, maelekezo yaleyale huangukia kisanduku kingine. Wajawazito 14 wanageuka watoto 14 wenye malaria, fomu inasema "imehifadhiwa", na jaribio linahesabiwa limefaulu. Kosa la namna hii ni baya kuliko programu kugoma, kwa sababu dawa huagizwa kwa kufuata takwimu.

Njia bora ni kutaja jina:

//input[@id='wajawazito']

Au kutafuta neno lenyewe, kisha kisanduku kinacholifuata:

//label[text()='Wajawazito']/following::input[1]

Ni kama kumuulizia mtu kijijini kwa jina la baba yake, badala ya "nyumba ya tatu toka mwembeni". Hata hivyo neno likitafsiriwa kwa Kiingereza, au likiongezwa nafasi moja tu, halionekani tena. Kitambulisho nacho hakifai kama mfumo hukibadilisha kila fomu inapofunguliwa.

Kwa hiyo kamati inapomkabidhi fundi fomu ya zahanati, imuulize mambo mawili: kama visanduku vina vitambulisho vya kudumu, na kama jaribio lake huifungua tena fomu na kuisoma namba iliyohifadhiwa, au huishia kubofya tu.