Impreza iliyobadilishwa injini: soko huteremsha bei bila kuuliza ugonjwa

Katika soko la magari yaliyotumika la Nairobi na Mombasa, Subaru Impreza za kizazi cha kwanza, zile zilizotoka kiwandani kati ya 1992 na 2000, hazifuati kanuni ya kawaida ya gari kuukuu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo zilizopo ndizo hizo hizo, na kila inayogongwa hupunguza akiba. Jina la Colin McRae, aliyeshinda Safari Rally ya 1997 akiwa na Impreza, linaendelea kuwavuta wanunuzi.

Injini, kwa upande wake, huingia nchini kama kipuri. Ndiyo maana bodi iliyozaliwa na injini ya lita 1.5 isiyo na turbo hukutwa leo imebeba injini ya lita 2.0 yenye turbo, iliyotoka Japani moja kwa moja au kupitia maduka ya vipuri vilivyotumika ya Sharjah. Injini hizo ni za ukoo mmoja na hukaa kwenye vishikio vile vile, hivyo kazi ya kuipachika si ngumu. Ugumu huanza pale gari linapowashwa, likasita, likakohoa, na fundi akatamka kwamba mchanganyiko wake ni mwepesi, yaani hewa ni nyingi kuliko mafuta.

Neno hilo likishatamkwa bei huanguka. Jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawalizingatii ni kwamba huanguka kwa kiasi kile kile, iwe dosari ni mpira uliopasuka au ni pistoni zilizo njiani kuvunjika. Tofauti ya gharama kati ya magonjwa hayo mawili ni kubwa mno, na ndipo mtaji unapookolewa au kupotea.

Petroli huungua yote ikichanganywa na hewa kwa uwiano wa takriban 14.7 kwa 1, kwa uzito. Turbo inaposukuma hewa kwa nguvu, injini huhitaji mchanganyiko mzito zaidi, karibu 11 au 12 kwa 1, kwa kuwa mafuta ya ziada hupoza chumba cha kuchomea. Mchanganyiko ukiwa mwepesi wakati huo, joto hupanda, injini hugonga, na kingo zinazoshika ringi za pistoni hupasuka. Ni suala la sekunde, si la miezi.

Swali la kwanza kwa mnunuzi basi si kama gari lina dosari hiyo, bali ni lini linaionyesha.

Likiwa jepesi wakati injini inaunguruma pale pale, kisha likatengemaa likikanyagwa, mshukiwa ni hewa ya wizi. Injini hii hupima hewa kwa sensa iliyo karibu na filta, na kontroli boksi hutoa mafuta kulingana na hesabu hiyo. Hewa inayoingia baada ya sensa, kupitia gasketi ya manifoldi, kimpira kilichosahauliwa au bomba la servo ya breki, haikuhesabiwa, kwa hiyo haipewi mafuta. Injini ikinguruma polepole, hewa hiyo ni sehemu kubwa ya yote inayovutwa. Ikikanyagwa, inakuwa sehemu ndogo. Fundi mwenye mashine ya moshi huuona mwanya huo kwa dakika chache, na tiba yake ni mpira na klipu. Gari la aina hii, likiuzwa kwa bei iliyoporomoka, ni nafuu ya kweli.

Hapa pana mtego unaowachanganya hata mafundi wazoefu. Mpira ukivuja kati ya turbo na injini, kwenye gari lenye sensa ya hewa, mchanganyiko huwa mzito turbo inaposukuma, si mwepesi: hewa iliyohesabiwa imetorokea nje ilhali mafuta yake yametolewa. Moshi mweusi wakati wa kukanyaga huelekeza huko.

Hali ya pili ndiyo ya kuogopwa. Gari linaunguruma vizuri na linapita mjini bila tatizo, lakini likipanda mlima huku limekanyagwa linakosa pumzi. Katika Impreza zilizobadilishwa injini, cha kukagua kwanza kiko ndani ya tangi: pampu ya mafuta ya injini ya lita 1.5 mara nyingi imeachwa humo humo. Pampu hiyo hutosheleza foleni za Uhuru Highway. Haitoshelezi turbo. Kipimo chake hakibahatishwi. Geji hufungwa kwenye njia ya mafuta. Kimpira cha mvuto kikichomolewa isome karibu bari 3, kisha kimpira kikirudishwa, shinikizo la mafuta lipande sawa na la turbo. Turbo ikisukuma nusu bari, geji inapaswa kusoma karibu 3.5. Ikishuka wakati turbo inapanda, tatizo ni pampu, filta iliyoziba au waya mwembamba usioifikishia pampu volti zake. Kipimo hiki hufanywa na fundi, na jaribio likomeshwe mara sindano inapoanza kuteremka.

Mwinuko nao una sehemu yake. Nairobi iko juu ya meta 1,600 na hewa yake ni nyepesi. Mombasa, usawa wa bahari, turbo inayodhibitiwa kwa springi pekee kufikia bari 1 hujaza injini hewa zaidi kwa takriban asilimia 10. Pampu iliyokuwa ukingoni Nairobi huishiwa nguvu pwani. Mnunuzi wa Mombasa anayelijaribu gari Nairobi, akaridhika, akalipa na kuliendesha hadi nyumbani, huenda amenunua kitu tofauti na alichokijaribu.

Lipo pia gari lililo jepesi nyakati zote. Hapo huwa kuna vipuri visivyoelewana: nozeli ndogo kuliko zile ambazo kontroli boksi inazitarajia, au sensa ya hewa iliyohamishiwa kwenye bomba pana zaidi, ambalo huifanya isome hewa pungufu. Injini iliyonunuliwa bila kontroli boksi yake, bila nozeli zake na bila sensa yake ni ya kutiliwa shaka, hata kama bei inavutia. Wanaonunua nusu ya gari zima hulipa zaidi mwanzoni, na kwa kawaida hulala usingizi.

Mwisho kuna wepesi wa uongo. Gasketi ya ekzosi ikivuja kabla ya sensa ya oksijeni, hewa ya nje huingia na sensa huripoti kwamba mafuta ni pungufu, ingawa si kweli. Kontroli boksi huongeza mafuta, plagi zikawa nyeusi na gari likala petroli ovyo. Kubadilisha sensa hakusaidii kitu hapo, ingawa ndicho kinachofanywa kwanza.

Impreza za miaka ya 1990 kutoka Japani zina msaada wake bila mashine ya bei kubwa. Chini ya dashibodi kuna viungio vyeusi vya waya mmoja mmoja. Vikiunganishwa na swichi ikafunguliwa, taa ya injini hupepesa namba za dosari, kwa mpepeso mrefu kwa makumi na mfupi kwa mamoja. Namba 23 ni sensa ya hewa, 32 ni sensa ya oksijeni. Ukimya wa taa hiyo, hata hivyo, si cheti cha afya. Gari likikanyagwa hadi mwisho, kontroli boksi hufuata jedwali lake bila kusubiri sensa ya oksijeni, na pampu dhaifu inaweza kuiua injini bila namba yoyote kuandikwa.

Kwa anayenunua ili auze tena, hesabu inapaswa kufuata mpangilio huo. Kwanza kompresheni ya silinda zote nne, zisitofautiane kwa zaidi ya takriban asilimia 10. Hiyo husema kama wepesi umeshakula pistoni. Pili geji ya mafuta. Tatu namba ya injini ilinganishwe na ya kitabu cha gari, kwani injini isiyoandikishwa huleta mgogoro na bima siku ya ajali. Muuzaji anayekataa geji isifungwe kwenye gari lake amemsaidia mnunuzi kupanga bei: gari hilo lihesabiwe kama bodi bila injini.