Mawenzi na Wapinzani Wake kwa Kipimo cha Tabora

Mji wa Tabora uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Shika kipimo hicho, mashindano yanaanza.

1. Mrefu kuliko wote, ukimwacha Kibo wa Kilimanjaro
Batian wa Mlima Kenya, mita 5,199. Ni uji wa moto ulioganda kooni mwa volkeno; mlima uliolizunguka ukaliwa na barafu na mvua, koo likabaki limesimama. Panga Tabora nne, moja juu ya nyingine, bado hujamfikia! Jirani yake Nelion ana mita 5,188. Pengo la mita 11, basi la Tabora–Mwanza likisimamishwa wima linaliziba. Hata hivyo Batian alipandwa 1899, Nelion akangojewa hadi 1929.

2. Mkaidi kuliko wote
Hapa hana mshindani: Mawenzi wetu, jirani ya Kibo huko Kilimanjaro, mita 5,149, wa nne Afrika nyuma ya Kibo, Batian na Nelion. Kwa Batian amepungukiwa mita 50, karibu nusu ya kiwanja cha mpira cha Ali Hassan Mwinyi, Tabora. Kibo anamzidi mita 746, viwanja saba. Lakini Kibo hupandwa kwa miguu tu. Mawenzi hudai kamba, na mwamba wake umepasukapasuka: unashika jiwe ujivute, jiwe linakubakia mkononi. Hans Meyer alifika kilele cha Kibo mwaka 1889, Mawenzi akamkatalia. Waliofika ni Eduard Oehler na Fritz Klute, 29 Julai 1912. Mwaka huohuo reli iliyoanzia Dar es Salaam 1905 iliingia Tabora, zaidi ya kilomita 800. Reli miaka 7, Mawenzi miaka 23!

3. Mwenye kina kuliko wote
Njia ya misafara ya zamani, toka Bagamoyo kupitia Tabora, iliishia Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika: kina chake mita 1,470. Kimo chote cha Tabora kinazama humo, na mita 270 za maji zinabaki juu.

4. Mzee kuliko wote
Mawenzi hukadiriwa miaka milioni moja hivi. Majabali ya itale ya Unyamwezi, ambayo wapagazi waliyapita na mizigo ya frasila mbili begani, yana zaidi ya miaka bilioni 2.5. Hesabu mwaka mmoja kwa hatua moja ya mpagazi, sentimita 75. Mawenzi anakupa kilomita 750: umetoka Bagamoyo, na Ujiji bado iko mbali. Jabali la Unyamwezi linakupa njia nzima, kilomita 1,200 toka Bagamoyo hadi Ujiji, zaidi ya mara 1,500!