Kabla AMCOS haijalipia mfumo wa simu, wanachama waujaribu kwenye mchoro

MKULIMA wa Mbulu au Hanang asiyejua bei ya sokoni hulazimika kuuza kwa bei anayotajiwa na mnunuzi aliyefika shambani. Ndivyo ilivyo kwa kitunguu saumu cha Bashay na hata kwa alizeti ya Hanang. Mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa kuagiza mbaazi, bei ya zao hilo iliporomoka, na kila aliyekuwa na magunia ndani alihitaji habari za haraka.

Kwa sababu hiyo, vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) na vikundi vya wafanyabiashara vinavutiwa na huduma za simu zinazotoa bei, kumbukumbu za mizani na taarifa za malipo. Hata hivyo, ipo hatari moja. Chama kinaweza kumlipa mtaalamu wa kompyuta fedha zilizotokana na makato ya wanachama, mfumo ukakamilika, kisha wanachama wakashindwa kuutumia. Kuubomoa na kuujenga upya ni gharama nyingine.

Fundi mzuri hamwagi zege kabla mwenye nyumba hajaiona ramani. Mfumo wa simu nao una ramani yake, yaani mchoro wa mistari mitupu unaoonyesha kila skrini itakavyokuwa: maandishi yakae wapi, namba ipi ibonyezwe, jibu lipi lifuate. Kasoro ya mchoro uliobandikwa ukutani ni kwamba kila mtu atautazama na kusema ni mzuri. Dawa yake ni kuufanya mchoro huo uitikie unapobonyezwa.

Kazi hiyo haihitaji mtaalamu wa kuandika programu. Kijana anayejua kutumia PowerPoint, au draw.io ambayo ni ya bure, anaweza kuifanya. Kila skrini ya simu huchorwa kwenye slaidi au ukurasa wake. Kisha kila kitufe huwekewa kiungo cha kwenda kwenye ukurasa unaofuata. Anayebonyeza "1. Bei ya leo" anapelekwa kwenye orodha ya mazao, anayebonyeza "0. Rudi" anarudishwa mwanzo. Katika PowerPoint, zima mpangilio unaobadilisha slaidi kwa kubofya popote, la sivyo mtu atakosea kitufe na mchoro utasonga mbele kana kwamba amepatia.

Chukua mfano wa skrini inayosema: "Kitunguu saumu, bei kwa gunia." Kwenye karatasi haina tatizo. Lakini mpe mama anayeuza sokoni abonyeze, naye atauliza: "Gunia lipi? La kilo 100 au lumbesa?" Lumbesa imepigwa marufuku, lakini wakulima wanaijua vizuri na imewaumiza. Swali hilo moja linaonyesha kwamba bei inapaswa kuandikwa kwa kilo. Kwenye mchoro, marekebisho huchukua dakika chache. Mfumo ukishajengwa, huenda yakadai mkataba mpya.

Mfano mkubwa wa faida ya kujaribu upo kwa jirani zetu wa Kenya. M-PESA ilipofanyiwa majaribio kuanzia mwaka 2005, Nairobi na Thika, lengo lilikuwa kuwasaidia wateja wa taasisi ya Faulu kurejesha mikopo midogo. Watu walipoishika, wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Wahusika walikubali somo hilo, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilinadiwa kama njia ya kutuma fedha nyumbani. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania kupitia Vodacom.

Jaribio la chama lifanyike vipi? Tafuta wanachama watano hadi wanane wasiofanana: mzee, kijana, mwanamke, mchuuzi, na mtu asiyesoma Kiswahili kwa urahisi, kwani wapo wanaozungumza zaidi Kiiraqw au Kidatoga. Mpe kila mmoja kazi moja: "Tafuta bei ya alizeti ya leo." Kisha nyamaza. Usimwelekeze kidole. Andika alipokwama na alichouliza. Mweleze mapema kwamba bei zilizomo ni za mfano tu, asije akauza mzigo kwa kuziamini.

Pasipo na kompyuta, tumia kadi za karatasi: mmoja awe "simu" na abadilishe kadi kila mwenzake anapogusa namba. Kumbuka pia kwamba menyu za simu za kawaida, zile za kupiga nyota na reli, hazizidishi herufi 182 kwa skrini. Maneno yasiyoenea hapo yapunguzwe mapema.

Mchoro hauwezi kupima yote. Hautaonyesha mtandao ukikatika wala watu wengi wakiingia kwa pamoja siku ya mnada. Hayo yapimwe mfumo ukishajengwa.

Viongozi wa AMCOS wanaweza kuyaingiza haya kwenye mkataba: malipo ya awali yawe ya mchoro unaobonyezeka, na fedha za ujenzi zitoke baada ya wanachama kuujaribu na kasoro kurekebishwa. Mtaalamu anayejiamini hatalikataa sharti hilo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu unajengwa kwa jasho la mkulima.