Ini Lililopona Hujulikana kwa Kipimo

Familia moja yenye jamaa huko Siongiroi, Kaunti ya Bomet, imetuuliza swali zito. Mgonjwa wao wa homa ya ini sugu aina ya B ameletewa chupa ya mitishamba na kuambiwa kuwa wengi wamepona kwayo. Je, aache vidonge vya hospitali?

Jibu letu ni kwamba asiache bila ya daktari wake. Ama kauli ya kuwa wengi wamepona, tuipime kwa maswali matatu: wamepona nini, kupona kulipimwaje, na walioshindwa wako wapi? Manjano ya macho huweza kuondoka yenyewe, na watu wazima wengi waambukizwao virusi vya B huvishinda bila ya dawa. Kinyume chake, mwenye ugonjwa sugu huweza kujiona mzima ilhali ini lake laendelea kuingia makovu.

Mfano mwema tunaupata Rwanda, katika homa ya ini aina ya C. Mjini Kigali watu wazima 300 walipewa vidonge vya ledipasvir na sofosbuvir kwa majuma 12, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Watafiti hawakutosheka na hisia za nafuu. Walipima damu majuma 12 baada ya dawa kwisha. Watu 261, yaani asilimia 87, hawakuonekana na virusi. Hapakuwa na kundi la kulinganishwa nao, lakini aina ya C ikisha kuwa sugu ni nadra kuondoka yenyewe. Basi ushahidi huo una uzito.

Wala 39 waliosalia hawakufichwa. Kwa kuwahesabu, ilidhihirika kuwa miongoni mwa wenye virusi vya tawi la 4r walipona 27 tu kati ya 48, na kwamba wao wahitaji tiba iliyo bora zaidi.

Turudi kwa mgonjwa wetu. Vidonge vya aina ya B, kama tenofovir, aghalabu huvizuia virusi pasi na kuving'oa. Kuviacha ghafla huweza kuuamsha ugonjwa kwa nguvu, hata ini likashindwa kazi. Na baadhi ya mitishamba hulidhuru ini lenyewe. Basi na aende kliniki na vidonge vyake pamoja na chupa ile, aulize wingi wa virusi na hali ya ini lake, na majibu ayahifadhi ayalinganishe na yajayo.

Mwenyezi Mungu ampe shifaa. Amin.