Kukauka, Kushika na Kukomaa: Istilahi za Uashi Wakati wa Jua Kali

Huko Madaba, wilayani Songea katika mkoa wa Ruvuma, nyumba nyingi hujengwa kwa matofali ya kuchoma, na kazi hiyo hufanywa zaidi wakati wa kiangazi, kabla ya mvua kuanza. Ndio wakati ambapo jua na upepo huondoa maji upesi katika tofali na katika mota. Mwashi mzoefu analijua jambo hilo. Kasoro imo katika maelekezo yanayoandikwa kwa ajili yake, ambamo neno moja, kukauka, hutwishwa mzigo wa maneno matatu.

Saruji haipati nguvu kwa kukauka, bali kwa kuungana na maji. Ndiyo maana hushika hata ndani ya maji. Maji yakitoweka mapema, muungano huo hukoma, na mota hupukutika ikikwaruzwa kwa kidole. Hivyo basi, mwashi anayetii agizo la “kuuacha ukuta ukauke” huudhoofisha. Kwa sababu hiyo yafaa istilahi zifuatazo zitenganishwe:

(a) Kukauka: kupotewa na maji. Neno hili lafaa kwa tofali bichi linaloanikwa kabla ya kupangwa katika tanuri.

(b) Kulowesha: kulipa maji tofali lililochomwa, kabla ya kulijengea. Tofali kavu hufyonza maji ya mota. Tofali linalochuruzika maji huteleza juu yake. Liloweshwe, kisha liachwe mpaka maji yasionekane usoni. Tofali lisilochomwa lisifanyiwe hivyo, kwani hurudi kuwa tope.

(c) Mota: mchanganyiko wa saruji, mchanga na maji, kwa kawaida sehemu 1 ya saruji kwa sehemu 5 au 6 za mchanga. Mafundi wengine huuita “udongo”, lakini katika maandishi jina hilo huweza kuchanganywa na udongo wa kufyatulia matofali. Wakati wa joto mchanga uwekwe kivulini, na mota ichanganywe kidogo kidogo, ili itumike kabla ya saa 2 kupita.

(d) Kushika: mota kuacha ulaini na kuanza kuwa ngumu. Mota iliyokwisha kushika itupwe; kuiongeza maji hakuirudishii nguvu.

(e) Kukomaa: mota kuongezeka nguvu siku hadi siku, maadamu ina unyevu. Mkulima husema mahindi yamekomaa, na maana haiko mbali.

(f) Kumwagilia: kuupa ukuta maji, au kuufunika kwa magunia yaliyoloa, ili mota ikomae.

Mfasiri akizingatia tofauti hizi, hataandika: “Ukuta uachwe ukauke kwa siku 7.” Ataandika: “Ukuta umwagiliwe maji kwa siku 7, ili mota ikomae.” Sentensi zote mbili ni Kiswahili fasaha, lakini ni ya pili tu inayojenga nyumba.